Meli Inayopwelewa kwa Makusudi

Feri ikikaribia Luanda Kotieno, nahodha hapunguzi mwendo mapema kama abiria mgeni anavyotarajia. Anaiacha ije, omo, yaani sehemu yake ya mbele, ikitangulia, mpaka tumbo liguse. Unasikia mkwaruzo mmoja mrefu wa chuma na changarawe, mnyororo unalia, kisha mlango wa mbele unashuka na kulala juu ya saruji. Kabla haujatulia watu wamekwisha kuukanyaga: mama mwenye beseni la omena kichwani, wanafunzi wenye masanduku ya bati, kijana anayesukuma pikipiki huku vidole viko kwenye breki. Nyuma yao lori la kreti za soda linaunguruma likingoja nafasi. Dakika kumi hivi, na feri iko tupu.

Nimevuka hapo mara nyingi kwenda Mbita kwa wakwe zangu. Nilikuwa nimezoea, na mtu akizoea kitu hakioni tena. Aliyenifumbua macho ni baba mdogo, siku moja tulipokuwa tumesimama kando kando tukisubiri zamu yetu ya kupanda.

"Mwanangu, unaona?" akaniambia. "Chombo kimepwelewa, na hakuna anayepiga kelele."

Sikuwa nimelisikia neno hilo. Huku ziwani hatulitumii, kwa sababu ziwa letu halina kupwa wala kujaa kwa kusema kweli. Maji ya asubuhi ndiyo ya jioni. Pwani mambo ni mengine: bahari inaondoka na kurudi kila siku, na chombo kikikutwa juu ya fungu la mchanga maji yakaondoka, kinabaki hapo kimelala ubavu mpaka maji yatakaporudi. Hicho kimepwelewa. Nahodha akipwelewa anaona haya; watu wa pwani watamsimulia mpaka wajukuu.

"Sisi," baba mdogo akasema, "tulikuwa tunapwelewa kwa amri."

Yeye alikula chumvi ya bahari miaka mingi. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa mwezi Desemba 1964, kituo chake kikuu kiko Mtongwe, upande wa Likoni, na huko ndiko kijana kutoka Rarieda alikokwenda akiwa hajawahi kuona maji ya chumvi. Katika miaka yake ya mwisho kazini alihudumu kwenye moja ya meli mbili za kutua ufuoni ambazo jeshi hilo lilizipata kutoka Uhispania katika miaka ya 1990, KNS Galana na KNS Tana. Napenda kwamba zilipewa majina ya mito. Meli nyingine kazi yake ni kukaa kwenye kina. Hizi mbili kazi yao ni kwenda pale maji yanapokwisha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kisumu. Mageti, madirisha, trela za matrekta, mara chache boti. Tangu siku ile ya Luanda Kotieno nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu meli za namna hii, nikimpigia baba mdogo simu usiku kumuuliza maswali. Naandika haya kwa sababu naamini meli ya kutua ufuoni inatuhusu sisi watu wa ziwa kuliko mtu yeyote wa bahari, na hakuna aliyetuambia.

Nianze na ziwa, lakini la mbali. Nchini Venezuela kuna ziwa linaloitwa Maracaibo, lenye mafuta chini yake. Mdomo wa ziwa hilo, pale linapokutana na bahari, ulikuwa na fungu la mchanga lililozuia meli kubwa kupita. Kwa hiyo zilijengwa meli za kubeba mafuta za umbo la pekee, pana na zisizozama sana majini, ili zipite juu ya fungu hilo. Ndipo vita vikaja. Mwezi Juni 1940 Waingereza walitoka Dunkirk, Ufaransa, wakiwa wameokoa watu na kuacha ufuoni karibu silaha zao zote nzito. Winston Churchill alitaka meli zitakazoweza kurudisha vifaru kwenye ufuo wowote bila kungoja bandari. Wahandisi wake walipotafuta chombo kikubwa kinachoweza kusogea karibu kabisa na nchi kavu, walikikuta Maracaibo. Meli tatu kati ya hizo, Misoa, Tasajera na Bachaquero, zilikatwa omo, zikawekewa milango, zikawa meli za kwanza za kutua vifaru. Mwezi Mei 1942 Bachaquero ilikuwa Diego Suarez, Madagaska, Waingereza waliposhuka kukichukua kisiwa hicho. Vikosi vya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, vilifuata baadaye mwaka huohuo kwenye vita hivyohivyo, na vijana wengi wa King's African Rifles walitoka Nyanza na Magharibi. Kwa hiyo meli iliyozaliwa kwa ajili ya ziwa moja na vijana waliozaliwa kando ya jingine walijikuta kwenye kisiwa kimoja. Niliposoma hilo nilifunga simu nikatoka nje kidogo.

Na Kisumu yenyewe ilikwisha kutangulia, miaka ishirini na saba kabla. Reli ilifika hapa mwezi Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Meli za ziwani zilijengwa Uskoti, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa Mombasa na kupakiwa kwenye mabehewa, kisha zikaunganishwa tena hapa, ribiti kwa ribiti. Mwezi Juni 1915 meli hizo, Usoga na Rusinga zikiwemo, zilipakia askari kwenye gati letu na kuvuka ziwa lote kwenda kuishambulia Bukoba, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani na yenye kituo cha redio. Walishuka tarehe 22 kaskazini ya mji, chini ya majabali, na kesho yake mji ukaanguka. Kituo cha redio kikavunjwa, askari wakapanda tena wakarudi Kisumu.

Huwa nafikiria mizinga na nyumbu siku ile. Meli za Kisumu zilikuwa na mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya meli, na omo kali kama meli zote za heshima. Hazikuweza kugusa ufuo. Kila kitu kilipaswa kuteremshwa ubavuni kuingia kwenye vyombo vidogo, kisha kuvutwa hadi nchi kavu. Nyumbu hapendi mashua. Aliyewahi kuvusha ng'ombe kwenda kisiwa cha Mfangano atanielewa.

Sasa tuje kwenye ubunifu wenyewe, na hapa naomba msomaji avumilie, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Meli za Maracaibo zilionyesha kwamba jambo linawezekana, ila hazikutosha, na Waingereza wakawaendea Wamarekani. Mwezi Novemba 1941 barua yao ilifika kwenye meza ya mbunifu wa meli aitwaye John Niedermair, naye alichora umbo la msingi kwa saa chache tu. Tatizo alilokabiliana nalo linaonekana halina jibu. Meli inayovuka bahari inatakiwa izame vya kutosha, la sivyo mawimbi yatairusha kama kifuu. Meli inayopanda ufuo inatakiwa isizame karibu kabisa. Jibu lake lilikuwa farumi. Zamani jahazi lilipokosa shehena nahodha alitia mawe au mchanga ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ili lisipinduke. Ndiyo farumi hiyo. Niedermair alitumia maji. Chini ya meli yake kulikuwa na matangi makubwa: ukielekea baharini unayajaza, meli inakaa chini na kutulia, ukikaribia ufuo unayatoa kwa pampu, nayo inainuka. Meli moja, miili miwili.

Hesabu yake naipenda hivi kwamba niliichora kwa chaki kwenye bamba la chuma pale kiwandani. Walichukua ufuo unaoshuka taratibu, mita 1 kwa kila mita 50. Meli yao ina urefu wa mita 100. Basi kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma ya meli, chini ya maji pameshuka mita 2. Kwa hiyo meli ikiwa imepangwa kwa kutua inahitaji karibu mita 1 ya maji mbele na karibu mita 3 nyuma, na tumbo lote linakutana na mchanga kwa mteremko uleule, kama mtu anayelala kitandani badala ya kuanguka. Kijana wangu wa kazi alitazama mchoro akasema, "Fundi, hapa amelala na ufuo sawasawa." Ndivyo.

Lakini kupanda ni nusu ya kazi. Nilimuuliza baba mdogo: mkishapwelewa, mnatokaje? Akacheka kwa namna ya mtu aliyengoja swali hilo.

Wanatoka kwa nanga ya nyuma. Chombo kikiwa bado mbali na ufuo, nanga inaangushwa kutoka tezi, na waya wake mnene unaachiwa uende huku meli ikisonga mbele. Meli inagusa, milango inafunguka, mzigo unashuka. Wakati wa kuondoka winchi inaanza kuuvuta ule waya, rafadha, yale mapanga yanayoisukuma meli, zinazunguka kinyumenyume, na chombo kinajivuta chenyewe kurudi majini kwa kamba kilichoitega njiani. Ukiisahau nanga hiyo, au ukaiangusha karibu mno, meli itabaki ufuoni. Baba mdogo anasema afisa wao mmoja alikuwa akisimama tezini wakati wa kuiangusha, hasemi na mtu, anahesabu kimoyomoyo. Wahenga wa pwani walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimelisikia neno hilo tangu shule nikidhani ni pambo la wazee. Kwenye meli hii ni maelezo ya kazi: omo inakupeleka, tezi inakurudisha, na ngama ndiyo inayoamua kama utaelea.

Wamarekani walijenga meli 1,051 za aina hii. Waliziita LST, kifupi cha maneno yenye maana ya meli ya kutua vifaru. Viwanda vya pwani vilikuwa vimejaa manowari kubwa, kwa hiyo nyingi zilijengwa bara kabisa, kwenye kingo za mito, katikati ya mashamba ya mahindi. Evansville, mji wa mto Ohio katika jimbo la Indiana, ulitoa 167. Watu waliojifunza kuchomelea jana waliunganisha meli za bahari wakiwa hawajawahi kuiona bahari, kisha meli zikateremka mtoni hadi Ghuba ya Mexico. Injini zao zilikuwa dizeli mbili za General Motors, za ukoo uleule uliovuta treni za Marekani. Mimi nimekulia mji wa reli na ziwa. Mtu asiniambie mambo hayo ni ya mbali.

Katika hizo 1,051 nimeichagua moja niifuate maisha yake yote, LST-325, kwa sababu imeishi.

Ilijengwa Philadelphia, ikashushwa majini tarehe 27 Oktoba 1942 na kuanza kazi Februari 1943. Haikupewa jina. Karibu zote hazikupewa, zilikuwa nyingi mno na hakuna aliyetarajia zidumu. Mabaharia walisema herufi zile tatu zilimaanisha shabaha kubwa na ya polepole. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 20 kwa saa. Boda ya hapa Kondele inaipita. Tumbo lake bapa lilifanya iyumbe kwenye mawimbi kiasi cha kuwatapisha hata wazoefu.

Julai 1943 ilikuwa Sisilia. Septemba ikawa Salerno, Italia. Juni 1944 ikafika Normandy, Ufaransa, kwenye ufuo walioupa jina Omaha, na safari ile ya kwanza ilikuwa imebeba magari 59 na watu zaidi ya 400.

Ipo picha ya siku zile ambayo nimeiangalia mpaka naijua kama picha ya arusi ya wazazi wangu. Bahari imeondoka. Meli imekaa juu ya mchanga mkavu, nzima, mita 100 za chuma, bila tone la maji chini yake. Milango ya mbele iko wazi na magari yanatoka kama ng'ombe wanaotoka zizini asubuhi. Normandy maji yanapwa sana, na majemadari walikuwa na hofu kwamba mabamba ya chini yangepasuka meli ikilala kavu na mzigo tumboni. Walipojaribu yakahimili. Kuanzia hapo wakaacha bahari iondoke, wakapakua kwa raha, wakangoja maji yarudi. Hapo kupwelewa kukageuka kuwa ratiba ya kazi.

Na sasa jambo ambalo wasimulizi wa vita hulipita haraka. Meli iliyoshusha vifaru ilirudi vipi Uingereza? Haikurudi tupu. Kwenye sitaha ile ile ya vifaru zilipangwa machela ukutani, madaktari wakapewa kona na taa, na majeruhi wakaingizwa kupitia mlango uleule. Kufikia Septemba 1944 meli za aina hii zilikuwa zimewavusha zaidi ya majeruhi 41,000 kutoka Normandy. LST-325 peke yake ilivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa zaidi ya mara 40. Tarehe 28 Desemba 1944 meli ya kubeba askari, Empire Javelin, ilipigwa na kuanza kuzama, na LST-325 ilikuwa karibu. Ikaokoa watu wapatao 700. Hilo ndilo ningeliandika kwanza kwenye ubao wake, kabla ya Omaha.

Ilipumzishwa 1946. Katika miaka ya 1950 ikaamshwa tena ipeleke mizigo kwenye vituo vya rada vilivyokuwa vikijengwa Greenland na pwani ya Kanada, kwenye barafu, mahali pasipo na gati lolote. Mwaka 1964 ikapewa Ugiriki, nchi ya visiwa, ikabatizwa Syros. Baada ya miaka ishirini na zaidi ya kuwa namba ikapata jina. Iliwahudumia Wagiriki mpaka 1999.

Chombo kilichojengwa kwa haraka, na watu waliodhani kitatumika vita kimoja, kikadumu miaka 56, mapumziko yakiwemo. Nimejiuliza sababu. Naona ni kwamba kila kitu ndani yake kilikuwa kitu ambacho fundi wa kawaida anaweza kukifungua. Injini ya treni. Mlango wenye bawaba. Winchi. Pampu. Tangi. Na kazi yake, kufika mahali ambapo hakuna aliyejenga chochote, ni kazi isiyokwisha vita vikiisha.

Mwaka 2000 kundi la wazee wa Kimarekani waliowahi kuhudumu kwenye meli za aina hiyo walikwenda Krete kuichukua. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Walifanya kazi kwenye joto wakibadilisha mabomba yaliyooza, wakawasha dizeli zile, wakaitoa Mediterania na kuivusha Atlantiki wenyewe. Tarehe 10 Januari 2001 waliingia Mobile, Alabama. Leo imefungwa Evansville, mtoni, na watu wanaingia kuitazama. Nilimsomea baba mdogo habari hiyo kwenye simu, neno kwa neno. Alinyamaza muda mrefu nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Nani alikuwa kwenye farumi?" Sikujua. Aliulizia mtu wa farumi kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kuhusu vita vyake mwenyewe hanisimulii, nami simchokozi. Najua kama anavyojua kila Mkenya kwamba usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2012 majeshi yetu yalishuka ufuoni karibu na Kismayu kutoka baharini. Anachopenda kusimulia ni safari za kwenda upande wa Lamu na lori za maji, na wanawake waliokuwa wakingoja ufuoni na madumu.

Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Mwezi Mei 2020 ziwa letu lilipanda kuliko lilivyopanda 1964, mwaka ambao wazee wote wa huku wanautumia kuhesabia. Nilikwenda Dunga nikakuta sehemu tulizokuwa tukikalia kula samaki ziko chini ya maji, na magugu yameletwa na upepo mpaka mlangoni mwa vibanda. Kwenye fuo nyingi, au bichi kama tunavyoziita, magati madogo yalizama. Pesa zilizomwagwa kwenye saruji zikalala chini na kambale. Gati linajengwa kwa ajili ya ziwa la mwaka mmoja, na ziwa halina mkataba nalo. Chombo chenye omo bapa na mlango wa mbele hakijali. Maji yakipanda mita 1, kinasogea ndani mita kadhaa na kushusha mlango kwenye majani ya shamba la mtu.

Fikiria visiwa. Saruji inayokwenda Mfangano kwenye boti za mbao inapakuliwa mgongoni, mfuko kwa mfuko, mtu akiwa majini mpaka kiunoni. Mfuko mmoja ukiteleza ni hasara na mwingine ukilowa ni jiwe. Mwaka juzi nilipokuwa kwenye ufuo mmoja wa huko nilimwona mama mjamzito akibebwa juu ya kiti cha plastiki na wanaume wanne, maji yakiwafika mapajani, kuelekea boti iliyokuwa ikiyumba. Mmoja wao alikanyaga jiwe akaenda upande. Kiti kikainama. Yule mama hakupiga kelele, alishika tu bega la aliye mbele yake kwa mikono miwili. Walimfikisha. Mimi nilibaki nimesimama nikifikiria machela za 1944 zikiingia kwa mlango mpana, juu ya sakafu ya chuma iliyotulia.

Hatuhitaji meli ya mita 100. Tunahitaji vyombo vya mita 20 au 25, bapa, vyenye mlango mbele na nanga nyuma, vingi, vinavyoweza kupeleka lori moja, ng'ombe kumi na gari la wagonjwa. Uwezo wa kuvijenga upo: MV Uhuru II, yenye urefu wa takriban mita 100, imejengwa hapahapa Kisumu, na vijana waliochomelea mabamba yake wengine nawajua kwa sauti. MV Uhuru ya zamani, ya 1966, iliyokaa gatini miaka mingi ikiota kutu, ilirudishwa kazini na mafundi wetu wakisaidiana na wanamaji. Mtu aliyeweza hayo anaweza kujenga mlango wenye bawaba.

Bawaba nazijua. Kuna mwaka niliitwa kutengeneza mlango wa mbele wa chombo kimoja cha kuvusha magari, chombo ambacho sitakitaja. Walinionyesha ufa mdogo kwenye bawaba ya kulia, wakataka nipige risasi moja ya kuchomelea kiendelee na safari ya saa nane. Nililala chali chini ya ule mlango kwenye matope na tochi mdomoni. Nikachukua nyundo ndogo nikaanza kugonga kuanzia pembeni. Bamba zima linajibu kwa mlio wa juu, safi, kama kengele ya kanisa ikiwa mbali. Nilipofika sehemu inayogusa saruji kila siku mlio ulibadilika. Ukawa mzito, mfupi, kama kugonga kibuyu. Mchanga ulikuwa umekula chuma safari kwa safari mpaka kikabaki chembamba, na mzigo wote ukawa umehamia kwenye ile bawaba. Ufa ulikuwa dalili tu. Niliwaambia mlango usishuke tena na gari juu yake mpaka bamba libadilishwe. Tulibishana. Mwishowe walikubali, kikakaa siku tatu, nikakata kipande chote cha chini na kutia bamba jipya nene zaidi, na chini yake mistari miwili ya chuma ya kupokea mkwaruzo, inayoweza kubadilishwa ikiisha.

Baba mdogo alikuja kuangalia siku ya tatu. Hakusema kitu kuhusu weldi. Aliinama, akapitisha kiganja kwenye ile mistari miwili, halafu akaniomba nyundo. Akagonga mara moja, akasogea hatua, akagonga tena, akasogea. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa mlango, kichwa kimeinama upande wa sikio lake zuri.